Binti yangu na insha zake mbili

Binti yangu amerudi likizo hapa Lupaso baada ya mwaka wake wa kwanza chuoni, anakosoma fasihi. Usiku wa pili akanitolea insha mbili, zote za kitabu kimoja: Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Moja aliiandika mwezi wa kwanza wa masomo, nyingine mwishoni mwa mwaka. "Mama, soma uone nilikotoka."

Ile ya kwanza ilikuwa kama tulivyozoeshwa wote shuleni. Fani na maudhui, dhamira ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu tashbiha na takriri zimepangwa kama sahani kabatini. Chini ya "mmomonyoko wa maadili" aliandika kwamba Rosa ni msichana aliyeharibika, na wasichana wengine wajifunze kwake. Alipata alama za chini kabisa. Pembeni mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Nani alimfikisha hapo?"

Anasema alilia siku hiyo. Kidato cha sita aliandika hivyohivyo na akapata A.

Kwa ambao hamjakisoma, kitabu hicho kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilipigwa marufuku shuleni. Zakaria, baba mlevi wa kisiwani Ukerewe, anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wavulana, na anapokwenda kusoma mbali na macho ya baba, mambo yanamwendea vibaya.

Katika insha ya pili binti yangu hakuhesabu tamathali hata moja. Alianza na ile barua, akaifuata kama mtu anayefuata nyayo: ni nani nyumbani alizungumza na Rosa baada ya kipigo, na walizungumza nini. Kisha akafika kwa Regina, mama yake Rosa, akauliza yeye alikuwa anaona nini.

Hapo nikaweka karatasi chini.

Wazazi wenzangu, binti huyu alipokuwa kidato cha tatu, baba yake alikuta ujumbe wa mvulana kwenye simu. Alimpiga palepale uani, majirani wakisikia. Mimi nilikuwa nachambua korosho. Niliendelea kuchambua.

"Umetuandika sisi?" nikamuuliza.

"Hapana, Mama. Nimemwandika Regina."

Baba yake si mlevi. Ni mtu wa shamba, na ada ya binti huyu imetoka kwenye mikorosho yake. Ila mwaka mzima amekuwa akiuliza kusoma hadithi ni kazi gani. Mimi humjibu kwamba mzee Mkapa, tuliyemzika hapahapa kijijini Julai 2020, alichukua shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962, akawa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa rais. Hunijibu kwamba Mkapa alikuwa mmoja tu. Hapo ana haki, na mimi sitafuti rais ndani ya nyumba hii.

Juzi alirudi kupuliza salfa, macho yamewiva, akasikia tunabishana kuhusu Zakaria. Akataka asomewe. Binti akamsomea insha ya pili yote, taratibu, bila kumtazama usoni. Alipomaliza, mzee akasema, "Rudia pale kwenye barua." Akarudia.

Kimya kilikuwa kirefu, mpaka chai ikapoa.

"Huyo Zakaria," akasema, "alikuwa anaogopa."

Binti akachukua kalamu akaandika pembeni mwa karatasi. Akasema hilo hata darasani halikutajwa, na akirudi ataliuliza. Nikaona baba mtu anajizuia kutabasamu.

Mimi sikutabasamu. Nilisema woga wa Zakaria haukumpunguzia Rosa hata fimbo moja, na mzee hakubisha. Alinyanyuka akaenda kuoga salfa yake.

Binti anaondoka Jumamosi kwa basi la alfajiri. Baba yake ameshamwambia aniachie kitabu, tutasoma wote. Mimi nina neno langu kuhusu siku ile ya korosho, na bado sijalisema. Nimemwambia kesho anisindikize mtoni, tuwe wawili tu.