Admini, Nambari ya Mchango Haibadilishwi Usiku

Grupu yetu ya mtaa ilianza kwa mambo ya maji: yatafunguliwa saa ngapi, na nani amefunga mfereji. Leo ina watu zaidi ya 200, na humo ndimo tunachangia matanga, bili za hospitali na mshahara wa soja wa geti. Yaani imekuwa kama benki ndogo, ila haina mlinzi. Mimi ni mmoja wa maadmini, kwa hivyo lawama ya kwanza ni yangu.

Jirani yetu mmoja alilazwa, tukaweka nambari ya mweka hazina. Siku mbili baadaye, saa nne usiku, ujumbe ukaingia kutoka kwa akaunti ya mweka hazina mwenyewe: laini ile ina shida, tumeni kwa hii. Kufikia asubuhi watu 11 walikuwa wametuma. Mgonjwa alikuwa ameshapona, lakini hakutoka wodini, bili haikuwa imelipwa.

Kilichotokea ni rahisi. Mtu alimpigia mweka hazina akamwambia, "Mama, nimekosea nambari, nisomee zile tarakimu sita zimeingia kwa SMS yako." Akasoma. Hapo hapo WhatsApp yake ikahamia simu nyingine.

Wengi waliwacheka wale 11: "Kwani hamkuona jina?" Waliliona. Kabla ya pesa kwenda, jina la mpokeaji hujitokeza, na kila mmoja alidhani ni la bwanake mweka hazina. Mimi siwalaumu. Tuliacha ujumbe wa pesa upite katikati ya maua ya "habari ya asubuhi" na video za vichekesho, kisha tukatarajia watu wawe macho.

Sasa tukiwa na mchango, grupu inafungwa: maadmini pekee ndio wanaotuma. Nambari inabandikwa juu kabisa, na WhatsApp inakuruhusu uiache hapo hadi siku 30. Ikibidi ibadilike, maadmini wawili wanampigia mwenyewe kwa simu ya kawaida, wasikie sauti yake, na hiyo ni mchana. Kuna walionuna kwamba tumewafunga midomo. Wacha wanune, tumewafungulia grupu nyingine ya porojo. Skrinshoti ya malipo nayo hatuihesabu. Mweka hazina anaangalia pesa iliyoingia kwake, basi, kwa sababu picha hutengenezwa.

Halafu kuna wale wa "mimi sikuona ujumbe". Mara nyingi hawadanganyi. Simu ikijaa, ikiwa kwenye hali ya kuokoa betri, au ukiwa umezima data ya chinichini, jumbe huchelewa hadi ufungue programu mwenyewe. Angalia pia kama ulinyamazisha grupu. Fanya hivyo kabla ya kugombana na admini, tafadhali.

Na ukiibiwa akaunti? Usingoje. Piga simu kwa admini akutoe kwenye grupu mara moja, kisha sajili WhatsApp upya kwa nambari yako na uweke tarakimu utakazotumiwa. Mwizi atatoka. Akiwa ameweka PIN yake, utasubiri siku 7 ndipo uingie, lakini hata yeye hatakuwa ndani. Kama umeshatuma pesa kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 uombe irudishwe, na ufanye haraka: ikishatolewa kwa ajenti, kuipata ni kazi.

Kwetu ni watu wawili tu waliorudishiwa, wale walioshtuka usiku huo huo. Zilizobaki tulichanga tena, na mgonjwa akaja nyumbani Jumamosi. Mweka hazina alitaka kujiuzulu, tukakataa. Jioni hiyo tulikaa naye kwenye kibaraza tukawasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye simu yake, kisha kwenye zetu. Katika maadmini wanne, hakuna hata mmoja aliyekuwa nao.