Hoja ya lumbesa, jibu la matusi

Jamani wadau, hivi ni lini tulikubaliana kwamba hoja inajibiwa kwa matusi?

Mwandishi mwenzangu, mwanadada, aliandika kuhusu lumbesa ya vitunguu hapa Singida. Gunia la mkulima linashindiliwa na kuongezewa kilemba juu, halafu analipwa bei ya gunia moja. Mjadala ukaanza mtandaoni. Wa kwanza akauliza kama ameolewa. Wa pili akaichambua sura yake. Wa tatu akarukia kabila: Mnyaturu anajua nini zaidi ya kuku? Hadi jioni hakuna aliyekumbuka gunia. Sasa niambieni, nani alifaidika? Mlanguzi!

Najua mtakachosema, eti huo ni utani tu, Watanzania tumezoea kutaniana. Utani naujua. Utani una wenyewe na una mipaka yake. Mtani anayekukebehi msibani ndiye huyo huyo anayeshika jembe kuchimba kaburi. Anayemdhalilisha binti asiyemjua, na ambaye hatamsaidia lolote, huyo si mtani.

Na msiwasingizie wahuni wa vijiweni. Wengi wao ni wasomi wenzetu, wana digrii. Tundu Lissu, aliyekuwa mbunge wa Singida Mashariki, alipopigwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017, wapo waliogeuza majeraha yake kichekesho. Rais Magufuli alipofariki Machi 17, 2021, wengine wakashangilia. Pande mbili, ugonjwa mmoja.

Sheria je? Ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumnyanyasa mtu mtandaoni, na ilitaja faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Lakini kesi zilizovuma zaidi ni za waliodaiwa kumtukana Rais. Binti akitukanwa anaambiwa azime simu. Hata hivyo siombi polisi waongezwe, maana rungu hilo hilo linaweza kumshukia anayehoji lumbesa.

Ninachotaka ni sisi tuache kupiga makofi. Mtukanaji asiye na washangiliaji ni sawa na mtu anayefoka peke yake stendi, abiria wanapita zao.

Unapinga habari ya lumbesa? Lete mzani, lete bei. Huna? Kaa kimya, wenye hoja waendelee.

Nawasilisha.