Msiiuze Baiskeli ya Nyumbani



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya chombo ambacho katika nyumba nyingi kimeegemezwa ukutani, tairi hazina upepo na kuku wamegeuza keria yake kuwa kitanda. Nasema baiskeli. Siku hizi kijana akipata fedha kidogo huiuza baiskeli ya baba ili aongezee ya kununulia pikipiki. Baba naye hakatai, kwa maana amekwisha kuamini kwamba baiskeli ni ya maskini. Mimi, kama mwuguzi, naona familia inayofanya hivyo imeuza dawa.

Tuchukue mfano wa Pemba, na tuanzie Fundo. Fundo ni kisiwa kidogo cha matumbawe kilicho magharibi ya Pemba, mkabala na mji wa Wete. Wenyeji wake wanaishi kwa bahari, na shughuli zao nyingi huzifanya kwa miguu bila kuziita mazoezi. Lakini mtu huyo huyo akivuka kwa chombo mpaka Wete, anakuta mji umekaa juu ya kilima na bandari iko chini. Hapo hutafuta pikipiki impandishe. Kile kilima ambacho kingemsaidia moyo wake, yeye anatoa fedha ili akikwepe.

Pemba yote iko hivyo. Si kisiwa cha milima mirefu, hata kilele chake hakifiki mita 100 juu ya bahari. Lakini ni kilima, bonde, kilima, bonde. Juu kuna mikarafuu na minazi, chini kuna mpunga. Mwenye baiskeli anapanda kidogo, anateremka kidogo, anapumzika kidogo kwenye tambarare, kisha anaanza tena. Namna hii ya kuupa moyo kazi na kuupumzisha kwa zamu ni mazoezi mazuri sana.

Kwa nini nasisitiza mazoezi? Kwa sababu shinikizo la damu na kisukari havingoji tena wazee wala matajiri. Shinikizo la damu lina hila moja: mara nyingi haliumi. Mtu anakaa na kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi kwa miaka mingi, anakula na kulala vizuri, mpaka siku anapoanguka na upande mmoja wa mwili ukapooza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Ukigawa, ni nusu saa kwa siku tano. Anayekwenda shambani, sokoni au kazini kwa baiskeli anaweza kuzimaliza dakika hizo bila kutenga muda wala kulipa kiingilio.

Najua jibu litakalokuja: "Dada, barabarani tutagongwa." Ni hoja ya kweli, wala siidharau. Barabara ya Mkoani kwenda Chake Chake, kwa mfano, inapokea abiria na mizigo ya meli zinazotoka Unguja, na kadiri lami inavyokuwa nzuri ndivyo madereva wanavyozidi kukimbia. Mwenye baiskeli hana haja ya kushindana nao. Achague njia ndogo, hata kama ni ndefu zaidi, na atoke asubuhi mapema kabla jua halijawa kali.

Njia za namna hiyo zipo, na zina mambo ya kuona. Kutoka Chake Chake, penye jumba la makumbusho ndani ya ngome ya kale, mtu anaweza kwenda Pujini, mwendo wa kilomita 10 hivi upande wa kusini mashariki. Huko kuna magofu ya ngome ya karne ya 15 ya mtawala anayekumbukwa kwa jina la Mkama Ndume. Masimulizi yanasema aliwatesa watu kwa kuwabebesha mawe huku wakijikokota kwa makalio. Basi wewe uliyekaa juu ya tandiko, tena kwa hiari yako, usilalamike!

Kaskazini, karibu na Tumbe, kuna magofu ya mji wa kale wa Chwaka. Ukipita Konde unaingia msitu wa Ngezi, wenye vivuli na popo wakubwa wa Pemba, na njia inaendelea hadi Ras Kigomasha penye mnara wa taa. Wageni hutoka mbali kuja kupita huko kwa baiskeli. Watoto wetu wanayo njia hiyo karibu, na wengi hawajaiona.

Sasa niseme juu ya kilima chenyewe. Ukifika mahali pumzi inakuwa fupi kiasi kwamba huwezi kutamka sentensi moja, shuka usukume. Kushuka si aibu, na kusukuma nako ni mazoezi. Kifua kikibana, au maumivu yakienda mkononi au tayani, simama mara moja upelekwe hospitali. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo apimwe kwanza. Mwenye kisukari anayechoma insulini asitoke na njaa, na achukue kitu kitamu mfukoni. Wote wachukue maji ya kunywa.

Kabla ya mteremko, jaribu breki ukiwa bado juu. Breki ya mbele peke yake ikikamatwa ghafula humrusha mtu kichwa mbele. Vaa kofia ngumu ukiweza kuipata, kwa maana mfupa wa mguu hupona, lakini ubongo ukiumia ni taabu nyingine. Msimu wa karafuu angalia majamvi ya kuanikia kando ya barabara. Usipite juu ya jasho la mwenzio.

Yapo mambo mawili ambayo nawasihi wazazi wayashike sana.

La kwanza ni miguu ya watoto. Mtoto anayepakiwa kwenye keria huchoka, akaachia mguu, na kisigino kikaingia katika spoki za gurudumu la nyuma. Jeraha hilo ni baya, kwa sababu nyama ya kisigino ni nyembamba na huchelewa kupona. Kinga yake ni rahisi: fundi afunge wavu au ubao pembeni mwa gurudumu na vyuma vya kukanyagia, na mtoto avae viatu. Ikitokea ameumia, kata spoki badala ya kuuvuta mguu, osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na uulize juu ya sindano ya pepopunda. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya meno.

La pili ni mabinti na akina mama. Mwili wa mwanamke nao una moyo, una mishipa ya damu, unapata kisukari. Lakini mara nyingi baiskeli ya nyumba ni ya baba na kijana wa kiume, na mama anapakiwa kama mzigo. Tuwafundishe mabinti. Vazi la heshima si kikwazo: kava la mnyororo lifungwe, kanga au baibui likusanywe lisifike kwenye spoki, na kama kuna baiskeli isiyo na mtaimbo wa juu, itafutwe hiyo. Tukipita vijijini tupunguze mwendo, tupige kengele na tutoe salamu. Mwenye salamu hupewa njia, na hata maji.

Silaumu pikipiki moja kwa moja. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku haendi kwa baiskeli, na pikipiki imekwisha kuokoa watu. Lakini chombo cha dharura kisigeuzwe kuwa miguu yetu ya kila siku. Masheha wetu nao, barabara zinapopangwa, waulize nafasi ya mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli iko wapi.

Basi, kabla ya kumwita mnunuzi, mwite fundi. Tyubu mbili, mpira wa breki na mafuta kidogo kwenye mnyororo ni gharama ndogo kuliko dawa za kumeza kila siku mpaka uzeeni. Jumamosi moja nendeni baba, mama na watoto kwa zamu, taratibu, kwa njia isiyo na magari mengi. Mkifika kilimani, shukeni, sukumeni, mzungumze. Na siku mtakayopita karibu na kituo cha afya, ingieni mpimwe shinikizo la damu.