Mwanao akianguka baada ya mita 400, tazama haya kabla ya kumkataza

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA ukifika, kuna wazazi wanaorudi nyumbani wakiwa na hofu kuliko furaha. Kijana amemaliza mzunguko mmoja wa uwanja, kisha amejitupa kwenye nyasi. Anahema, miguu inatetemeka, pengine anatapika. Jioni, katika nyumba nyingi za Igawa, ubishi ni uleule. Mama anasema, "Mwanangu hakimbii tena." Baba anasema, "Ni uvivu tu huo, azoee."

Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea. Mbio za mita 400 zinaumiza kila anayezikimbia kwa nguvu zake zote, na maumivu hayo mengi hayana madhara. Lakini zipo dalili chache ambazo mzazi hatakiwi kuzipuuza hata siku moja.

Hata mabingwa huanguka

Agosti 2015, katika mashindano ya dunia mjini Beijing, Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini alishinda mita 400 kwa sekunde 43.48. Badala ya kuzunguka uwanja na bendera, alibebwa kwa machela na kupelekwa hospitali. Mwaka mmoja baadaye, kwenye Olimpiki ya Rio, alivunja rekodi ya dunia kwa sekunde 43.03. Kocha wake wakati huo alikuwa Ans Botha, bibi wa miaka 74 mwenye vitukuu.

Mbio hizi si ngeni kwetu pia. Mwaka 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, medali zote tatu za mita 400 wanaume zilikuja Afrika Mashariki. Charles Asati wa Kenya alichukua dhahabu. Silver Ayoo wa Uganda alipata fedha, sawasawa na jina lake. Shaba ikaja Tanzania kwa Claver Kamanya. Wengi wanaikumbuka michezo ile kwa rekodi ya dunia ya Filbert Bayi katika mita 1,500, na Kamanya husahaulika. Kijana wa Mbarali anayependa mzunguko mmoja ajue kwamba njia hiyo ina nyayo za Mtanzania.

Kinachotokea mwilini

Sekunde chache za mwanzo misuli hutumia akiba ndogo ya nguvu iliyo tayari ndani yake. Akiba hiyo ikiisha, mwili huanza kuvunja sukari kwa haraka kuliko hewa ya oksijeni inavyoweza kufika. Njia hiyo hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, lakini huacha asidi kwenye misuli. Ndiyo maana kwenye mita 300 miguu huwa mizito kama imefungwa matofali. Bingwa naye hupunguza mwendo mita 100 za mwisho. Anayeshinda mara nyingi ni yule anayepungua kidogo kuliko wenzake.

Asidi hiyo huondoka yenyewe baada ya muda mfupi. Maumivu ya misuli ya kesho yake hayatokani nayo, bali ni misuli iliyochoka na inayojijenga upya. Kichefuchefu baada ya mbio nacho ni cha kawaida, hasa kwa aliyekula karibu na muda wa kukimbia.

Kwa hiyo akimaliza, asisimame ghafla wala kukaa papo hapo. Atembee taratibu dakika chache ili damu iliyojaa miguuni irudi kwenye moyo na kichwa. Akihisi kizunguzungu, alale chali na miguu iinuliwe kidogo. Anayejibu jina lake, anayepumua na kurudi katika hali yake baada ya dakika chache, mpe maji na umpongeze.

Hapa usisubiri

Mpeleke kituo cha afya, na asikimbie tena hadi apimwe, ikiwa:

- amezimia katikati ya mbio, kabla ya kumaliza;
- analalamika kifua kuuma, au moyo kwenda mbio bila mpangilio;
- anapumua kwa mlio au kifua kimembana;
- amechanganyikiwa na mwili una joto kali;
- hali yake haijatulia baada ya nusu saa;
- katika ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana bila sababu kujulikana.

Akianguka, haitiki na hapumui vizuri, usimmwagie maji wala kumnywesha chochote. Mtu mmoja aite msaada na kutafuta usafiri. Mwingine abonyeze katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha.

Kabla ya siku ya mbio

Bonde la Usangu ni la mpunga, na penye majaruba kuna mbu. Kijana mwenye homa asikimbie, hata kama shule inamtegemea. Aliyetoka kuugua malaria apewe muda apate nguvu, na akionekana mweupe machoni au anachoka upesi, apimwe damu.

Mwenye selimundu asishindane bila ushauri wa daktari. Anayebeba kinasaba kimoja tu cha ugonjwa huo mara nyingi hukimbia salama, lakini anywe maji ya kutosha, apumzike kati ya mazoezi, na asilazimishwe kuendelea akisema misuli imeishiwa nguvu. Mwalimu ajulishwe mapema.

Mwenye pumu anaweza kukimbia kama dawa zake zinafuatwa. Akipanda kutoka joto la Igawa kwenda kushindana Mbeya mjini mwezi Juni, baridi ya asubuhi inaweza kumbana kifua. Abebe dawa yake ya kuvuta, avae sweta na apashe mwili moto taratibu.

Chakula kizito, kama wali au ugali, kiliwe saa tatu hivi kabla ya mbio. Ukikaribia muda, chai na kipande cha kiazi au ndizi vinatosha. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya dukani si vya watoto.

Jambo la mwisho ni la baba na mama kwa pamoja. Kijana anayeogopa kukatazwa huficha maumivu ya kifua. Anayeogopa kuitwa mvivu huficha pia. Leo jioni, kabla ya msimu kuanza, muulizeni taratibu: "Ukikimbia, unajisikiaje?" Kisha msikilizeni hadi amalize.