Tahadhari: Kihisi Kikinyamaza, Msidhani Pipa Ni Tupu

Kwa maofisa afya, wakandarasi wa taka na wenyeviti wa mitaa: popote mapipa na vizimba vinapofungwa vihisi vya kupima taka zimejaa kiasi gani, gari la taka lisiongozwe na kihisi peke yake. Kihisi kilichonyamaza hakijasema pipa ni tupu. Hakijasema lolote.

Kifaa hiki hukaa chini ya mfuniko. Hutoa mlio usiosikika kwa sikio, hupima muda ambao mwangwi unachukua kurudi, kisha hutuma kipimo ofisini. Kikiwa kizima, kinaokoa dizeli na tripu za bure. Lakini betri huisha, mtandao hukatika, tope hukiziba. Hapo pipa laweza kubaki kwenye ramani na kipimo cha juzi, likionekana lina nafasi, huku mtaani limeshafurika. Gari halipiti. Mifuko inaishia mtaroni.

Mtaro ulioziba huongeza mafuriko, na maji yake machafu hueneza kipindupindu. Dar es Salaam haihitaji kukumbushwa: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40, na Agosti 2015 kipindupindu kililipuka jijini.

Kabla ya masika, fanyeni haya:

1. Pipa lisilotuma kipimo kwa saa 24 lihesabiwe limejaa, na gari liende.
2. Msifute ratiba ya kawaida ya mtaa. Kihisi kiongeze tripu panapojaa mapema. Kisiondoe siku ya gari kupita.
3. Bandikeni namba ya simu kwenye kila pipa. Mkazi au mwokota taka akisema limejaa, neno lake lizidi kipimo.
4. Badilisheni nywila za kiwandani kabla ya kufunga kifaa. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka vifaa vingi vya intaneti kwa kujaribu nywila hizo hizo.
5. Kihisi kibovu kisitupwe na taka. Betri ya lithiamu ikipondwa ndani ya gari huweza kuwasha moto, na walio karibu ni vijana wanaopakia.

Nawe mkazi, ukiona pipa limefurika, usichome taka wala usizisukumie mtaroni. Mpigie mwenyekiti wako siku hiyo hiyo, hata kama umeambiwa pipa linatoa taarifa lenyewe.