Altezza ya mufanyakazi na mapafu ya fundi wake

Kila mara yenye sisi wa sendika tunaketi na wakubwa wa kampuni juu ya mishahara, hakukosekane mumoja mwenye kututupia neno lile lile: "Munalomba franga juu ya masomo ya watoto, lakini tukitoka hapa inje ku parkingi tunaona Altezza za watu wenu zinangaa kupita motokari ya direkteri." Wenzake wanacheka. Sisi hatuchekaka.

Jibu letu ni fupi. Mutu mwenye kushuka posti ya usiku, macho mekundu, vumbi mu masikio, akiisha kulipa nyumba, minerval na unga, franga yenye kubakia ni yake. Hakuna sheria yenye kusema mutu wa shaba na kobalti anapaswa kutembea na motokari ya huzuni. Wazazi wetu wa zamani walinunua kinga na wakaifunga taa tatu, kengele mbili na ngozi ya kiti yenye rangi, na hakuna mutu aliwauliza hesabu. Kijana wa leo ananunua Altezza na anaifunga bawa la nyuma. Ni furaha ile ile, mashini tu njo imegeuka.

Na tuseme ukweli, hawakuchagua vibaya. Toyota ilitengeneza Altezza toka 1998 mpaka 2005, na inje ya Japani iliuzishwa kwa jina la Lexus IS. Ile ya RS200 iko na motere ya silinda ine, litre mbili, nguvu ya farasi 210 kama ni ya vitesi sita vya mukono, na pine za nyuma ndizo zinasukuma. Ni motokari ya michezo, lakini iko na milango ine: mama anaingia, watoto wanaingia, na mufuko wa unga unapata fasi. Taa zake za nyuma zilipendwa sana, mpaka kule Marekani vijana walianza kuita "Altezza" taa yoyote ya namna ile, hata ikiwa imefungwa ku motokari ingine kabisa. Zenye kufika kwetu zinatoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, zinashukia Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Zambia, kisha Kasumbalesa. Zinafika na vola ya kuume, na hapo njo shida ya kwanza inaanzia.

Tuongee fari, juu ni jambo lenye watu wengi hawajue. Kule Japani wanatembea upande wa kushoto wa barabara. Fari zao zimetengenezwa kufuata ile: mwangaza wa chini umekatwa upande wa kuume, fasi ya wale wenye kukutana nawe, kisha unapanda kidogo upande wa kushoto ili kuonyesha mutu wa miguu ku mpaka wa barabara. Sisi tunatembea kuume. Basi ule mwangaza wenye kupanda unaangukia nani? Unaangukia mu macho ya shofere wa kamio yenye kubeba katode za shaba, mwenye kukuja mbele yako. Na yule mama mwenye kutembea ku mpaka wa kuume na beseni ku kichwa, yeye humuoni vizuri. Hiyo ni shida mbili kwa fari moja, hata mbele mutu hajaongeza kitu.

Sasa kijana wetu anaongeza. Anatosha ampuli ya haloje, anaweka ya ledi nyeupe sana yenye aliuziwa ku soko. Lakini fari imehesabiwa kwa ule uzi mudogo wenye kuwaka ndani ya ampuli ya haloje, fasi yake na urefu wake. Ukiweka kitu kingine mule, mwangaza unatawanyika kila fasi. Wewe unaona majani ya miti imekuwa myeupe, unasema "inaona mbali!" Kumbe unaona majani tu, na mwenzako wa mbele haoni kitu.

Ile barabara ya Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, tunaijua wote. Kilomita karibu mia tatu, kamio nyuma ya kamio, vumbi, na pikipiki zisizo na taa. Tarehe 20 mwezi wa pili 2019, lori la asidi lilipata ajali pale Kabwe, ku barabara hiyo, na watu karibu 20 walikufa. Ile ilikuwa sababu ingine, hatuseme ni fari. Tunasema tu kwamba barabara yenye kubeba asidi, magari ya basi na watoto wa shule haitaki shofere mwenye amepofushwa hata kwa sekunde mbili.

Kama mutu anataka kutumia franga ku fari, kuko njia nzuri. Lexus IS ya Ulaya, ile ya Ufaransa, Ubelgiji ao Ujerumani, fasi wanatembea kuume sawa sisi, iko na mwili ule ule. Fari zake zinaingia ku Altezza. Angalia tu kama zako ni za zenoni ao za haloje, juu waya hazifanani. Zikiisha kufungwa, peleka motokari usiku mbele ya ukuta, uzipange, moja baada ya ingine. Haina kelele, haina picha ya kutuma kwa marafiki. Lakini ni mabadiliko ya kwanza yenye sisi tungelipa.

Vola sasa. Kuko wenye kutosha vola ya Toyota na kuweka ile ndogo ya mashindano. Wanasahau kwamba wakati wanaitosha, wanatosha na erbagi. Taa ya erbagi inawaka ku tabulo. Fundi anaweka resistansi mu waya, taa inazima, na wote wanafurahi. Mu mungoti, mutu mwenye kufanya vile ku mutambo, yaani kudanganya kifaa cha usalama ili kisilie, anafukuzwa siku ile ile, na sisi wa sendika tunakosa neno la kumutetea. Lakini siku ya posho, ku garaji, kitu kile kile tunakiita ujuzi.

Na ile kazi yenyewe ya kufungua erbagi inaua. Vitabu vya Toyota vinaandika: fungua kamba ya batri ya negatifu, ngoja sekunde 90 ao zaidi, njo uguse. Sababu ni kwamba kuko umeme wenye kubakia ndani, hata batri imefunguliwa. Watu wa mungoti, si tunaijua hii? Ni kadenasaji yetu! Unakata nguvu, unafunga kufuli, unahakikisha kwamba nguvu imebakia ziro, njo unaingiza mukono. Tunaimba mambo haya kila asubuhi mbele ya posti. Ginsi gani tunaiacha ku mulango wa kampuni pamoja na kaske?

Kushusha motokari hatutaongea sana. Kukata resori kwa mashini ya kukatia chuma, ao mubaya zaidi kuichoma kwa moto mpaka ishuke, ni kuiharibu: chuma kinapoteza nguvu yake. Na mu mashimo yetu, karteri njo inalipa. Mwenye kutaka, anunue resori za kufaa na amotiseri zake, ao aache.

Vioo vyeusi pia, tupite haraka. Kila mutu anajua ni zawadi kwa PCR.

Janti lakini, hapana, hapo tusimame. Altezza inataka janti ya matundu tano, 114,3. Vijana wanapata janti nzuri yenye tundu la katikati ni kubwa kupita la Toyota, ambalo ni milimita 60,1, wanaifunga bila pete ya kujaza, na motokari inatetemeka wakifika kilomita 100 kwa saa. Kisha wanasema ni barabara. Nati nazo zinakazwa na kijana mwenye kusimama juu ya funguo kwa miguu yote mbili. Ku kamio bene zetu kubwa tunafunga vile vishale vya plastiki vya manjano ku nati, ili hata mupita njia aone kama moja imelegea, na tunakaza na funguo ya kupimia nguvu. Altezza inataka niutoni-mita 103. Hiyo funguo iko mu kila atelie ya mungoti, na wafanyakazi wetu wanajua kuitumia. Unakaza, unatembea kilomita 50, unakaza tena.

Kuko jambo ingine lenye kutuuma sisi kama watu wa madini. Fundi anakuambia: "Tutoshe katalizeri, motokari itapumua, italia kama ya mashindano." Anaitosha, anaweka bomba tupu, na ile katalizeri anaibakiza. Ndani mule kuko jiwe la keramiki lenye matundu madogo sawa masega ya nyuki, na ku matundu ile wamepaka platini, paladi na rodi. Ni madini ya bei kali kabisa! Sisi tunapigana kila mwaka juu ya madini yetu kuondoka bila kujulikana thamani yake, halafu mutoto wetu anaacha kipande cha platini ku garaji, na analipa juu ya kazi ya kukitosha. Kisha moshi mubaya, wenye katalizeri ilikuwa inaupunguza, unatoka vile ulivyo. Kama bomba halikuchomelewa vizuri, unaingia mu kabine. Wenye walifanya kazi chini ya udongo, fasi ya mine kupasuka, wanajua moshi usio na harufu unafanya nini.

Hayo yote, mutu anaweza kutujibu: "Ni shauri yangu na motokari yangu." Sawa. Lakini kuko mumoja mwenye hawezi kujibu vile, na juu yake njo tumeandika barua hii.

Ni yule kijana wa garaji. Zile sketi za plastiki za pembeni, pare-shoki ya mbele yenye midomo mikubwa, nyingi hazitoke Japani. Zinatengenezwa hapa hapa, mu kiwanja nyuma ya nyumba, na kijana wa miaka 17 ao 18 mwenye akili ya mikono yenye kushangaza. Anapaka rezini, anaweka kitambaa cha nyuzi za kioo, anapaka tena, inakauka, kisha anasugua mpaka inakuwa laini sawa yai. Harufu ya rezini inamuingia mu kichwa mpaka jioni. Vumbi ya kioo iko ku mikono, ku shingo, na ndani ya mapafu. Kisha inakuja rangi. Rangi nzuri yenye kungaa ni ile ya kuchanganya na kikaushio, na ndani ya kikaushio kuko izosianati, dawa yenye kuleta azma mbaya. Na azma ile, ikimushika mutu, hata harufu kidogo ya rangi baadaye inamurudishia. Ufundi wake umekwisha.

Kijana yule anafunga nini ku mudomo? Kipande cha tisheti.

Sisi tulipigana miaka na miaka juu ya vumbi ya mungoti. Tulizika wenzetu wa mapafu. Leo mufanyakazi wetu hawezi kuingia fasi ya kusaga mawe bila maski ya filtri, na akikataliwa maski anajua kusimamisha kazi na kuita delege. Mufanyakazi huyo huyo anafika ku garaji siku ya posho, anakaa ku kiti na chupa ya sukari baridi, anamuangalia mudogo wake akipuliza rangi na kitambaa ku mudomo, na anamuambia: "Fanya mbio, nataka kutoka nayo leo." Hapo yeye njo mukubwa wa kazi. Na ni mukubwa wa kazi mubaya.

Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, yaani kode ya kazi, haikuandikwa kwa watu wa mungoti peke yao. Iko na fasi yake juu ya wanafunzi wa kazi, iko na fasi yake juu ya afya na usalama. Lakini vijana wa garaji wengi hawana mapatano ya kuandikwa, hawajulikane ku CNSS, na siku mumoja anaanguka, hakuna hata dosie ya kufungua. Wenye garaji wengine ni watu wazuri, wanawalisha, wanawaita watoto wao. Tunawaheshimu. Chakula peke yake hakijaze fasi ya maski.

Kwa hiyo, kwa wanamemba wetu, tumekubaliana hivi mu mukutano wa madelege. Mwenye kupeleka motokari kupaka rangi ao kufunga sketi, anunue na maski mbili za filtri za kufaa, zile za mvuke, si zile nyeupe za vumbi tu, na aziache ku garaji kama sehemu ya bei. Akikuta kijana anapuliza bila maski, arudishe motokari nyumbani. Garaji itasikia haraka, juu wengi wa kiliya wake ni sisi.

Na kwa wale wakubwa wenye kutucheka juu ya parkingi, tuko na ombi. Muko na sali za mafunzo zenye kubakia tupu kila siku ya posho mangaribi. Mutupatie moja, na mufundishaji mumoja wa usalama kwa saa mbili. Tutaleta vijana wa garaji, wajifunze kuvaa maski, wajifunze kadenasaji, washike ile funguo ya kupimia nguvu. Barua ya kulomba ile sali imekwisha kuandikwa, na madelege wataiweka ku meza mu mukutano wenye kukuja, pamoja na ile ya mishahara.