Aibu Isifanywe Hakimu

Rafiki yangu mmoja alisimamishwa usiku akiwa ndani ya motokaa yake pale Koinange Street, katikati ya Nairobi. Watu wawili waliojiita askari walimwambia amekamatwa akinunua mwanamke. Wakazunguka naye hadi Westlands. Aliposhushwa huko mfuko ulikuwa mtupu, na hakuna shtaka lolote lililoandikwa.

Nilimwuliza kwa nini hakutaka apelekwe kituoni. Akanijibu, "Ndugu yangu, mke wangu angesikia."

Naam, ugonjwa uko hapo. Mimi siutetei mwendo huo hata kidogo. Lakini kosa la tabia ni jambo moja, na kosa la sheria ni jingine. Kanuni ya Adhabu ya Kenya haina kifungu kisemacho waziwazi kwamba mtu mzima akimlipa mtu mzima mwenziwe ametenda jinai. Kifungu cha 153 humshika mwanamume anayeishi kwa mapato ya umalaya, au anayewashawishi watu hadharani mara kwa mara kwa nia chafu. Basi ni lazima huko kurudia kuthibitishwe. Kuzungumza mara moja dirishani mwa gari hakutoshi. Sheria ndogo za jiji za mwaka 2007 nazo zilikataza kumtafuta mtu kwa umalaya, lakini nia haisomwi usoni. Huletewa ushahidi.

Katiba ya mwaka 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu, kunyamaza, kumwona wakili, na kwa kawaida kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Tena mwaka 2011 Mahakama Kuu, katika kesi ya rushwa, ilikubali kwamba serikali haipaswi kumtega mtu kisha imshtaki kwa kosa iliyomshawishi kulitenda.

Mlango mmoja, msomaji, umefungwa, na ni vyema umefungwa. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 haimsikilizi mtu mzima asemaye, "Alikubali." Na akisema, "Alinidanganya umri," mahakama itauliza alichukua hatua gani kuujua ukweli.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwanamume hutoa kitu kidogo akaenda zake Kilimani kulala. Mwanamke aliyekuwa naye hulala rumande, na asubuhi akakiri upesi ili alipe faini arudi kwa watoto. Haki nilizozitaja ni zake pia, tena yeye ndiye anayezihitaji zaidi.

Kama kuna kosa, liandikwe na lifikishwe mbele ya hakimu. Kama halipo, watu waachwe waende. Tukiendelea kulipa ili majirani wasisikie, aibu itabaki kuwa askari, hakimu na mpokea faini, na wenye kuitumia watazidi kunenepa.